Filamu Niliyoitazama kwa Masikio

Mchungaji wetu mpya amenipa daftari kubwa akaniambia niandike mambo ya kazini, yawasaidie vijana wanaoanza uinjilisti. Sijui kama nafaa. Niliishia darasa la saba, na chuoni nilikaa miezi michache tu. Kweli nimeandika kijitabu cha siku miaka yote hii, lakini ndani yake mna mvua, misiba na majina ya waliokosa ibada. Hekima ni kidogo. Tena nina hasira, na mwenye hasira haaminiki sana anaposimulia habari za watu. Nitajitahidi kumpa kila mmoja haki yake. Nikimwonea mtu, wengi wao wako hai, watasema.

Habari za nilipanda cheo lini na nililipwa nini naziacha. Hazimfundishi mtu kitu, na nyingine zinachekesha.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Misima. Nilifika na baiskeli, godoro limefungwa nyuma, nikakuta mzee wa mtaa niliyetumwa kwake yuko shambani anafukuza ngedere. Aliyenipokea ni jirani yake Mwislamu, Mzigua mwenye ndevu nyeupe, akanipa maji na muhogo wa kuchemsha. Aliniambia hapa watu wengi ni Waislamu tangu mababu, na ukihubiri kwa sauti hakuna atakayekukataza, ila usimtukane mtu. Chuoni hawakunifundisha neno fupi na zuri kama hilo. Jumapili ile niliwahubiria watu kumi na mmoja na mbuzi wawili. Mbuzi walitoka katikati ya mahubiri, na siwalaumu.

Baadaye nikahamishiwa upande wa Korogwe, kwenye kambi ya zamani ya mkonge. Mkonge wenyewe ulikuwa umebaki kidogo, lakini wajukuu wa manamba, vibarua walioletwa kuukata enzi za mkoloni, walikuwa wengi, wa kila kabila na kila dini, wengine nyumba moja ina Yohana na Ramadhani waliozaliwa mama mmoja. Kazi yangu kubwa ilikuwa darasa la kipaimara, la kuwaandaa vijana kuwekewa mikono kanisani, kila Jumamosi saa nane mchana. Nilipewa kijitabu cha mafundisho kilichoandikwa kwa maswali na majibu. Watoto walikariri majibu kama jedwali la kuzidisha, wakayasahau wakivuka mlango. Mwezi wa tatu wakaanza kupungua. Kutoka kumi na wanane wakabaki saba.

Niliambiwa wako kibandani kwa Hamisi. Kwa wasiojua, kibanda umiza ni chumba cha mabati chenye mabenchi na televisheni, watu wanakaa humo joto likiwachemsha wanaangalia filamu. Nilikwenda na fimbo. Naandika kweli: nilikwenda na fimbo. Nilipoinama mlangoni, macho yakiwa bado na jua, nikasikia watoto wangu wanabishana. Filamu ilikuwa imesimama kwa sababu umeme umekatika, na mmoja anaitwa Yona anasema mtu yule amefanya ujinga kumwachia adui yake, mwingine anasema hapana, angemuua angekuwa sawa naye. Walibishana vile kwa muda mrefu. Darasani kwangu hakuna aliyewahi kubisha hata amri moja katika kumi.

Niliegemeza fimbo nje, nikakaa. Yona akaniona, akaona afadhali ashambulie kuliko kushambuliwa. Akasema, akimaanisha shujaa wa filamu, "Mwinjilisti, steringi hafi. Kila mtu anajua. Sasa Yesu mbona alikufa?"

Kibanda kizima kikacheka. Msichana mmoja akajibu kutoka benchi la nyuma, bila kucheka: "Si alirudi sehemu ya pili."

Huyo ndiye Penina. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mkimya, mjukuu wa manamba kwa baba yake na Msambaa kwa mama. Jibu lake nililihubiri Pasaka iliyofuata bila kusema nimelitoa wapi, jambo ambalo nalo si la haki.

Tangu siku hiyo darasa likahamia kwa Hamisi, Jumamosi, kabla wateja wake wa mpira hawajafika. Hamisi ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa ni Mwislamu na hakutaka sifa. Alinipa masharti mawili. La kwanza, watoto wa Kiislamu wakitaka kubaki wabaki kwa ruhusa ya wazazi wao, na nisiwaulize habari za kubatizwa. Nilikubali na nimelishika. La pili lilikuwa la ufundi. Alisema, "Ukisimamisha filamu wakati wa ngumi, watakuchukia. Simamisha pale mtu anapotaka kuamua, kabla hajaamua. Halafu wewe geuka, usitazame televisheni. Watazame wao."

Andikeni hilo kwenye madaftari yenu, ni dhahabu. Nilisimama pembeni ya televisheni nikiwapa watoto uso, rimoti mkononi, nikibonyeza muda ule mtu yuko njia panda, nikauliza: wewe ungefanyaje? Kisha tunafungua Injili kuona Bwana alifanyaje mahali panapofanana. Kumi na wanane wakarudi wote, wakaja na wenzao. Zana zangu zilikuwa rimoti yenye betri zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, Injili, na kipande cha chaki cha kuandikia kwenye ubao wa Hamisi, ambao upande wa pili ulikuwa na ratiba ya mechi.

Sasa niseme kuhusu dijei, maana bila yeye hamtaelewa. Filamu zile ni za ng'ambo, lugha hatuzijui. Kuna mtu mjini anakaa na kipaza sauti, anaiweka sauti yake juu ya filamu nzima, anatafsiri, anasimulia, anatia utani na methali, hata anawasalimia jamaa zake. Watu wanachagua filamu kwa jina la dijei kuliko la mchezaji. Mimi nilimpenda mmoja mwenye sauti nzito ya kama mhubiri. Nilijua anatia chumvi. Sikujua anapika chakula kizima.

Penina alikuwa akiishi kwa baba yake mdogo, kambini. Baba yake mzazi alikufa yeye akiwa mdogo, na huyo baba mdogo akamchukua, akamlisha na kumsomesha miaka minane. Haki yake hiyo naiandika. Alikuwa pia akimpiga, si kama wazazi wengi wanavyopiga. Alimpiga kwa mkanda wa mashine. Mwaka ule Penina akakimbilia kwa bibi yake Magoma, akawa anakuja darasani kwa kutembea au kwa lifti ya trekta. Alinieleza sababu kwa sentensi moja na akanionyesha alama za mkanda kwenye mgongo wa mkono. Nilimwambia nitamwombea. Niliomba kweli. Sikufanya kingine.

Jumamosi moja nikaleta filamu ya mtu ambaye mdogo wake aliuawa kwenye ugomvi. Muuaji anamaliza kifungo, anakuja usiku wa mvua mpaka mlangoni kwa yule ndugu, amelowa, hana pa kwenda. Nilikuwa nimeitazama kabla mara moja, jicho moja likiwa kwenye Injili nikitafuta mistari, nikaona inafaa somo la msamaha kuliko zote. Nikabonyeza rimoti pale mlango unafunguka. Nikauliza, wewe ungefanyaje?

Walijibu wengi. Penina akasema, "Mimi ningefunga mlango."

Nikamwambia subiri uone. Nikabonyeza. Nyuma yangu sauti nzito ya dijei ikasema polepole kwamba ndugu yangu, nimekusamehe, ingia, nyumba hii ni yako kuanzia leo. Watoto wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimewageukia wao, naona nyuso zinang'aa, najiona mwalimu. Nikafunga kipindi kwa kusema kwamba anayesamehe kweli hafungi mlango, na anayeufunga hajasamehe bado.

Mzee Zakaria, mzee wa kanisa, alikuwa amekaa nyuma siku hiyo kuona kama sinema zangu ni za heshima. Yeye na baba mdogo wa Penina ni marafiki. Alifurahi sana. Tulipotoka akamwita Penina mbele yangu, akamwambia umesikia somo, baba yako mdogo anaumia, jina la familia linaumia, na kipaimara kinakuja. Mtu hawezi kuwekewa mikono huku amewakimbia walezi. Sidhani alikuwa na ubaya. Mzee Zakaria alitoa kiwanja cha kanisa na amezika maskini wengi kwa sanda alizonunua mwenyewe. Aliamini familia ikirudi pamoja, Mungu ameshinda.

Penina hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi. "Kwa hiyo nirudi?"

Nilisema ndiyo. Nilisema, "Rudi mwanangu, Mungu atakuwa pamoja nawe."

Alirudi siku ile ile. Siku ya kumi na moja akavunjwa mkono wa kushoto, kwa kosa la kuaibisha nyumba kwa kukaa Magoma. Bibi yake ndiye aliyenipa habari, amesimama uani kwangu na kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Hakunipa salamu, na mwanamke wa umri ule asipotoa salamu mjue amefikia wapi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto alikuwa salama kwake, anakula ugali na mboga ya majani na analala. Akauliza, "Nani alikwambia kwangu pana kasoro?"

Nilikwenda hospitali. Mzee Zakaria alikuwa ameshafika na chupa ya uji, na macho yake yalikuwa mekundu. Penina alikunywa ule uji wake. Mimi alinisalimia vizuri, shikamoo mwinjilisti, akageukia ukuta.

Kutoka hospitali sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Hamisi, nikamwambia aniwekee ile filamu. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka niisikie tena ile sauti ikisema ingia, ili nijue sikuitunga mwenyewe. Hamisi akapekua maboksi, akasema ile ya dijei ameiazimisha, anayo nyingine ya lugha ya wenyewe, haijatafsiriwa. Nikasema weka hiyo hiyo.

Safari hii sikuwa na watoto wa kuwatazama. Nilitazama televisheni. Mlango unafunguka. Muuaji amesimama, mvua inampiga. Yule ndugu anamtazama. Hakuna anayesema neno. Wanatazamana muda mrefu mpaka mtu unajisikia vibaya kuwa chumba kimoja nao, halafu filamu inaisha. Hajamkaribisha. Hajamfukuza. Hatuambiwi.

Nikamwambia Hamisi arudishe nyuma. Akarudisha mara tatu. Kimya kile kile.

"Yule dijei ametoa wapi maneno?" nikamuuliza.

Hamisi hakuona ajabu. "Kichwani. Mwinjilisti, watu hawaingii kibandani kusikiliza kimya. Dijei akinyamaza wanadhani spika imekufa, wanapiga mabati. Lazima aseme kitu."

Niliipasua ile sidii kwa mikono, na ilikuwa mali ya Hamisi. Nilimlipa baadaye. Nilimtukana dijei kwa maneno ambayo sikuwa nimeyatumia tangu nilipookoka. Hasira ile ilinipa nguvu, na nguvu ile niliitumia vizuri kidogo: kesho yake nilimchukua bibi na Penina, tukaenda polisi, dawati la jinsia, mkono ukiwa bado kwenye bendeji. Askari wa pale, mama mtu mzima, alimsikiliza Penina bila kumharakisha. Kisha akaniuliza mimi ilikuwaje binti aliyekuwa ametoka salama akarudi. Nikaeleza habari ya filamu yote, dijei, kimya, maneno ya kutunga. Niliandikisha kwamba filamu ilitupotosha. Askari aliandika, akaniangalia juu ya miwani, akaandika tena. Nilitia sahihi.

Baraza la wazee likaniita. Nitaandika walichosema bila kuongeza. Walisema nimeipeleka familia ya usharika polisi kabla ya kuileta kwao. Walisema yaishe kifamilia, niondoe maelezo yangu. Walisema sinema za kidunia ndizo zilizoleta balaa, na kuanzia siku hiyo marufuku. Na walisema Penina atapata kipaimara akisimama mbele ya usharika aseme amemsamehe baba yake mdogo. La sinema nilikubali, tena kwa moyo, kwa sababu nilikuwa nazichukia kuliko wao. La maelezo nilikataa. La Penina nilisema hapana kwa sauti ambayo haifai kwenye kikao, nikagonga meza mpaka chai ikamwagika kwenye daftari la katibu. Mzee Zakaria akasema mwinjilisti amekuwa mkali kama watu wa kwenye filamu zake. Wengine walicheka. Hata leo, nikiwa nimestaafu, nikikumbuka kile kicheko nasaga meno.

Niliwaambia kwamba katika habari ya yule kijana aliyetapanya mali ya baba yake, aliyekosa ndiye aliyetembea kurudi. Baba alikaa kwake. Hakuna aliyemwambia baba afunge safari akalale na nguruwe ili athibitishe msamaha. Lilikuwa jambo zuri kusema, na lilikuwa limechelewa. Lingesemwa kibandani, nje, wakati msichana ananiuliza nirudi, lingekuwa na kazi. Mimi nalijua lile somo tangu utoto. Kwa nini halikunijia? Nimejiuliza hilo mara nyingi kwenye kijitabu changu, na chini yake nimeacha mistari mitupu.

Kesi ilikufa. Mashahidi wa upande wa familia waliacha kufika, Mzee Zakaria akiwa mmoja wao, na baba mdogo akahama, wanasema yuko upande wa Kiteto. Penina hakusimama mbele ya usharika, na hakupata kipaimara. Alirudi Magoma. Mimi nilihamishiwa Mazingara. Watu wanasema niliadhibiwa. Sina hakika; Mazingara kweli kulikuwa hakuna mwinjilisti, na mimi mtu wa kawaida nahamishika kama kabati. Huko nilifundisha kipaimara kwa kijitabu cha maswali na majibu, miaka tisa, na sikuleta filamu hata moja. Watoto walikariri. Wachache waliniuliza jambo. Dijei niliendelea kumlaani kila nikisikia sauti yake ikitoka kwenye kibanda chochote.

Mwezi ule wa kustaafu nilisikia kwamba Penina yuko Korogwe mjini, anauza kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Nikapanda basi. Nilitaka kumwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia: kwamba ile filamu ilikuwa kimya, kwamba tulidanganywa yeye na mimi, wote wawili. Niliona ni haki yake kujua. Pia, niseme kweli, niliona nitaonekana nafuu.

Nilimkuta amesimama nyuma ya kaunta, kifuani ana fulana ya kampuni ya oili. Mkono wa kushoto haunyooki wote. Shikamoo mwinjilisti, akasema, kama jana. Nikaitikia marahaba. Akanipa stuli. Huku akitafuta beringi ya mteja nilimweleza yote: sidii ya Hamisi, mvua, kimya, dijei anavyoogopa watu wapige mabati. Nilieleza kwa hasira, maana ilikuwa bado mbichi.

Alipata beringi, akaifuta, akampa mteja, akamsubiri aondoke.

"Hilo nililijua siku ile ile," akasema. "Midomo yake haikucheza. Wewe ulikuwa umetugeukia sisi, lakini sisi tulikuwa tunaangalia."

Nikauliza, kama alijua dijei anasema uongo, kwa nini basi alirudi.

"Sikurudi kwa sababu ya sinema, mwinjilisti. Dijei ni dijei, kila mtu anajua anaongea ovyo. Nilikuuliza wewe, ukasema rudi."

Miaka tisa nilikuwa nimemkasirikia mtu mwenye kipaza sauti ambaye labda hajawahi hata kupita Korogwe. Nimeandikisha polisi kwamba filamu ilitupotosha. Nimewanyima watoto wa Mazingara nafasi ya kubishana, kwa sababu ya hasira ile. Na watoto wangu wa kibandani walikuwa wanajua kutofautisha sauti ya dijei na midomo ya mtu. Wasichojua kutofautisha ni sauti yangu na ya Mungu, kwa sababu mimi ndiye niliyewazoesha.

Nilimwambia, "Nilikosa, Penina. Ni mimi." Akasema anajua. Akauliza kama nitakunywa soda. Nikasema hapana, basi linaondoka, na halikuwa linaondoka.

Nyinyi mnaoanza, rudini kwenye filamu, Hamisi bado yupo na kibanda sasa kina feni. Simamisheni njia panda, ulizeni, na mtoto akiwauliza afanyeje na mwili wake na nyumba yake, msimjibu kwa midomo ya mtu mwingine, hata akiwa mtu mtakatifu. Mwendeeni kwanza mkaone anakotoka na anakotaka kwenda.

Penina sikumwomba msamaha. Watu wameniuliza kwa nini, hata mke wangu. Ningeomba, ingembidi ajibu, na mimi nilishamwambia ya kutosha ya kufanya.